Miaka Kumi na Sita ya Sindano

Kwa miaka kumi na sita Stephania alijichoma insulini mara nne kwa siku, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama kweli anaihitaji. Hata yeye hakujiuliza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, alipoanza kunywa maji bila kukata kiu na kukonda hadi sketi zikawa zinamshuka kiunoni. Daktari aliyempima alikuta sukari iko juu mno. Akamtazama alivyo kijana, akamtazama alivyo mwembamba, akaandika kwenye kadi yake: kisukari aina ya kwanza. Yaani kile ambacho kongosho huacha kabisa kutengeneza insulini, na mgonjwa asipochoma sindano siku mbili tatu, anakufa. Kwa vifaa alivyokuwa navyo daktari yule, hakukuwa na sababu ya kufikiri vingine.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni nyumbani kwao. Bibi yake mzaa mama alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Mama yake alikufa kwa figo akiwa na miaka hamsini na mmoja. Dada yake Rhoda, aliyemzidi miaka minne, alikuwa ameanza sindano mwaka mmoja kabla yake. Kule Kamachumu, mkoani Kagera, walikozaliwa, kulikuwa na maneno yaliyosemwa kwa sauti ya chini misibani, kwamba wanawake wa nyumba ile hawauoni uzee. Stephania aliyasikia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka tisa, akiwapitishia wageni kahawa ya kutafuna, zile buni kavu. Wazee walidhani hasikii.

Aliolewa na Nehemia, fundi umeme, mtu mpole asiyependa kuongea mpaka awe amekwisha kufikiri. Nehemia akapata viza ya kazi Australia, wakahamia Sydney, na mwaka huo huo Stephania akajifungua binti, Kokugonza, ambaye kila mtu humwita Koku. Mimba ile ilikuwa ngumu. Sukari ilipanda na kushuka kama mtu asiye na adabu, na mara mbili alizimia. Baada ya hapo yeye na mumewe walikubaliana kwamba mtoto mmoja anatosha. Wakiulizwa na watu wa kanisani, walisema Mungu amependa.

Walipata nyumba St Marys, na Stephania akapata kazi katika idara ya kutakasa vifaa vya upasuaji, kwenye hospitali moja upande wa Parramatta. Mikasi, vibanio, visu na koleo za chumba cha upasuaji vilimfikia vikiwa na damu. Aliviosha, akavikagua kimoja kimoja chini ya lenzi, akavifunga na kuviingiza kwenye mashine ya mvuke. Ni kazi ya macho na ya dhamira, kwa sababu anayekosea haoni kosa lake. Aliipenda. Tatizo lilikuwa moja tu: ukiwa umevaa gauni, barakoa na glavu, huwezi kusimama kila saa kuangalia sukari yako. Kwa hiyo kabla ya zamu alikula biskuti mbili za ziada, ili sukari iwe juu kidogo kuliko kushuka akiwa mbele ya mashine. Daktari wake alimgombeza kwa hilo. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na biskuti zake.

Sukari kushuka ndiko alikokuogopa kuliko kitu chochote. Siku moja akitoka kazini ilishuka ndani ya treni. Akapitiliza St Marys, akapitiliza Penrith, akafika Emu Plains, mwisho wa safari ya treni ile, akiwa ameegemea dirisha macho wazi, asijue jina lake. Mfanyakazi wa usafi ndiye aliyemgusa bega. Siku nyingine ilishuka nyumbani, na Koku, wakati huo ana miaka saba, akaburuta kiti hadi kwenye friji, akachukua juisi, akamnywesha mama yake kidogo kidogo kama mtu anayelisha ndege. Jioni ile Stephania alimsifu mtoto mbele ya baba yake. Kisha akaenda bafuni, akafungua bomba ili asisikike akilia.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake hadi mwaka jana mwezi wa Agosti, akina mama wa jumuiya ya Waswahili walipokwenda mafungo ya sala milimani Leura. Walipanda Ijumaa jioni kwa magari matatu. Stephania alikuwa na mikoba miwili, na ule wenye insulini ukabaki kwenye buti ya gari lililowashusha na kurudi mjini. Aligundua wakati wa chakula. Mtu mwenye akili timamu angesema palepale, na yeye alikuwa na akili timamu. Lakini aliona aibu. Alikuwa ndiye mratibu wa mafungo, ndiye aliyewaandikia wenzake mara tatu kwamba wasisahau dawa zao. Akajiambia kwamba atakula kidogo, asubuhi atatafuta namna. Asubuhi akajiambia hivyo hivyo.

Mkononi alikuwa na kihisi, kile kidude cha duara kinachobandikwa nyuma ya mkono na kupeleka kiwango cha sukari kwenye simu. Jumamosi kilisoma kumi na tatu, kikasoma kumi na nne. Jumapili asubuhi kikasoma kumi na sita. Hiyo ni sukari ya juu, na ilimpa kiu na kumpeleka msalani mara kwa mara. Lakini hakutapika, hakuhema, hakuishiwa nguvu. Aliongoza sala ya asubuhi kwa sauti yake ya kawaida.

Aliyemfuma alikuwa Kendi, Mmeru kutoka Kenya, nesi wa miaka mingi, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka. Walifahamiana kwa kusalimiana tu. Mchana wa Jumapili Kendi aliona Stephania anausukuma wali pembeni mwa sahani na kumaliza jagi la maji peke yake. Akakaa kando yake na kumwuliza polepole ana nini. Stephania akamweleza yote, kwa sababu alikuwa amechoka kuficha.

Kendi hakupiga kelele. Alichukua funguo za gari, akamwambia wainuke, na ndani ya robo saa walikuwa hospitali ya karibu. Wakampima sukari, wakampima na ketoni, ile sumu inayojaa kwenye damu mwili unapokosa insulini kabisa. Ketoni zilikuwa kidogo tu, kama za mtu aliyechelewa kula. Daktari wa zamu akarudia kipimo mara ya pili, kikaja vilevile. Akampa insulini, akamkanya asirudie mchezo huo, akamwambia ana bahati kubwa.

Waliteremka mlima kwa gari hadi Springwood. Ndipo Kendi akasema, "Mama Koku, mtu wa aina ya kwanza hakai siku mbili bila kudunga insulini halafu aongoze sala. Hiyo si bahati. Kuna kitu hapo."

Kisha akamweleza anafanya kazi gani. Alikuwa amehama wodini miaka mitatu iliyopita na sasa ni nesi wa utafiti. Kundi la madaktari lilikuwa linawatafuta watu waliopata kisukari kabla ya miaka thelathini, ambao mzazi wao pia alikuwa nacho, ili kuwapima upya na kuona kama jina la ugonjwa wao ni sahihi. Kuna kisukari, alisema, ambacho si aina ya kwanza wala ya pili. Kinatokana na kosa dogo katika kinasaba kimoja, na kinarithiwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Wazungu wengi walikuwa wamekwisha kupimwa. Waafrika kwenye utafiti ule walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, si kwa sababu hawana ugonjwa, bali kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Stephania alisema atafikiri. Alifikiri wiki tano.

Nehemia hakupenda. Hakukataza, lakini aliuliza maswali yake moja baada ya jingine, kila siku swali. Damu wataifanyia nini? Wataitunza wapi? Wakikuta kitu kingine kibaya, watamwambia nani? Na akikubali kisha akabadili mawazo? Stephania naye alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mumewe. Aliogopa kwamba wakimpima watakuta kadi yake ni sahihi, na lile tumaini ambalo Kendi alilichokonoa garini litakuwa limemsumbua bure. Mtu akizoea mzigo, hapendi kuguswa begani.

Mwishowe walimwalika Kendi kwa chakula. Alikuja na fomu ya ridhaa, kurasa kumi na moja, akaipitia nao mstari kwa mstari kwa Kiswahili, huku Koku akijifanya anafanya kazi ya shule. Maswali ya Nehemia aliyajibu yote, na mawili alisema hajui, atamwuliza mkubwa wake. Aliwaambia waziwazi kwamba huenda wasipate kitu. Aliwaambia Stephania anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu, na matibabu yake ya kawaida hayataguswa. Hayo mawili aliyosema hajui ndiyo yaliyomlainisha Nehemia. Alimwambia mkewe baadaye kwamba mtu anayetaka kukudanganya huwa na majibu yote.

Vipimo vyenyewe havikuwa na maajabu. Walimpa uji mtamu anywe, wakasubiri, wakachukua damu. Kendi alimweleza wanachokitafuta: mwili unapotengeneza insulini yake wenyewe, huacha kipande kidogo kwenye damu, na insulini ya kuchomwa haina kipande hicho. Kikipatikana, basi kongosho liko hai. Walitafuta pia kingamwili, wale askari wa mwili ambao kwa watu wa aina ya kwanza hugeuka na kulishambulia kongosho. Baada ya wiki moja majibu hayo ya awali yalirudi. Kipande kilikuwepo, tena kingi. Kingamwili hazikuwepo hata moja. Kendi alimpigia simu akiwa kazini, na Stephania alisikiliza akiwa amesimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo, bado amevaa kofia ya plastiki. Kilichobaki kilikuwa kipimo cha vinasaba. Hicho kilichukua wiki tisa.

Katika wiki hizo tisa alilala vibaya na kufanya kazi vizuri. Hakumwambia Rhoda. Walizungumza kila Jumapili kama kawaida, juu ya migomba na ada na nani kaoa, na kila mara Rhoda alisema insulini imeletwa au haijaletwa. Umeme ukikatika aliihifadhi kwenye chungu chenye maji baridi. Stephania alikuwa anakata simu akijihisi mwizi.

Aliitwa mwezi wa Desemba. Chumbani walikuwepo Dk. Halloran, mama wa makamo anayeongoza utafiti, mshauri wa mambo ya vinasaba, na Kendi. Nehemia alikuwa ameomba ruhusa kazini, akavaa shati la kanisani. Daktari hakuzunguka.

"Huna kisukari aina ya kwanza," alisema. "Na hujawahi kuwa nacho."

Akaeleza kwa utaratibu. Kinasaba kimoja, kinachosaidia kongosho kujua lini litoe insulini, kilikuwa na kosa la herufi moja katika maandishi yake. Kongosho la Stephania lilikuwa linatengeneza insulini miaka yote, ila lilikuwa zito kuitoa. Na kulikuwa na dawa ya kulisukuma: kidonge cha zamani, kidogo, kinachojulikana dunia nzima. Watu wengi wenye kosa hili huacha sindano kabisa.

Stephania aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo sindano zote zile?"

"Zilikulinda," Dk. Halloran alisema. "Lakini palikuwa na njia rahisi zaidi na sisi hatukuiona. Hapa umeishi miaka kumi na mbili mikononi mwa madaktari, na tumeinakili kadi yako bila kuiuliza chochote. Nasikitika."

Nehemia alitazama viatu vyake. Stephania aliwashukuru wote, akampa kila mmoja mkono, akatoka. Alifika kwenye korido, penye mashine ya kuuzia vinywaji, akaishia hapo. Kendi alimkuta ameketi kwenye benchi analia kwa kwikwi, akakaa kando yake.

"Lia tu," alimwambia. "Mimi siendi mahali."

Furaha haikuja papo hapo. Kwa siku mbili alikuwa na hasira ambayo hakujua amwelekezee nani. Alilikumbuka lile bomba la bafuni. Aliwakumbuka watoto ambao hawakuwazaa. Mumewe alijaribu kusema neno la kumfariji, akaliacha katikati, akaenda kuosha vyombo. Lakini siku ya tatu, akiwa anavipanga vibanio kwenye trei, alishtukia kwamba anaimba. Msimamizi wake alimwuliza kama ameshinda bahati nasibu. Akasema hapana, amepona kitu ambacho hakuwa nacho. Msimamizi alicheka bila kuelewa, naye akacheka pia, akarudi kwenye trei yake.

Walimbadilishia dawa Jumamosi, ili siku mbili za kwanza awe nyumbani. Insulini ilikuwa imepunguzwa hatua kwa hatua wiki iliyotangulia, na asubuhi hiyo akameza nusu ya kidonge cheupe kwa maji ya vuguvugu. Kisha akakaa mezani akitazama simu yake kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Kalamu ya insulini aliiweka karibu na sahani, kwa tahadhari. Saa nne sukari ilikuwa saba. Mchana alipika wali na maharage, akala sahani nzima kwa makusudi. Ikapanda hadi tisa, ikasimama, ikaanza kushuka yenyewe. Saa tisa ilikuwa sita na nusu. Hakuwa amejichoma kitu. Alimwita Nehemia kutoka uani, wakaiinamia simu ile wote wawili, wakiutazama mstari wa sukari.

"Kongosho langu linafanya kazi," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mgeni.

Haikwenda sawa moja kwa moja. Siku ya nne sukari ilishuka hadi tatu na nusu akiwa sokoni, kwa maana watu wenye kosa hili huitikia kidonge kupita kiasi. Alikula ndizi, akampigia Kendi, na daktari akampunguzia hadi robo ya kidonge. Robo ikatosha. Kalamu za insulini zilibaki kwenye friji wiki sita. Kila alipofungua mlango kutoa maziwa alizigusa. Halafu siku moja, bila kumwambia mtu, alizirudisha duka la dawa.

Sasa likabaki la Koku. Mshauri alikuwa amewaeleza kwamba kila mtoto wa mtu mwenye kosa hili ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithi. Koku alikuwa na miaka kumi na miwili, mwenye afya, mrefu, mkimbiaji. Hawakuwa na haraka, lakini mtoto mwenyewe ndiye aliyetaka. Alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili hukielewa chote na kukijibu kwa nadra, kwamba hapendi watu wengine wajue kitu kumhusu kabla ya yeye mwenyewe kukijua. Akatema mate kwenye kichupa, wakapeleka.

Majibu yalikuja Machi. Alikuwa nalo kosa lile.

Stephania alikuwa amejiandaa, akadhani amejiandaa. Alimshika binti yake mkono ndani ya chumba kilekile, akaanza kuomba msamaha, akasema yeye ndiye aliyempa. Koku alimtazama kwa mshangao. Akasema bibi naye alimpa mama, na bibi alipewa na mama yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa, kwa hiyo msamaha ni wa nini? Kisha akamgeukia Dk. Halloran na kuuliza atachomwa sindano lini. Daktari akamwambia pengine kamwe. Sukari yake kwa sasa ni nzuri kabisa. Watampima mara kwa mara, na siku itakapoanza kupanda, huenda akiwa na miaka kumi na mitano, huenda ishirini, ataanza kidonge. Hatakonda kwanza. Hatazimia kwanza. Figo na macho yake yatalindwa tangu mwanzo.

Koku akauliza kama Jumamosi anaweza kucheza netiboli. Daktari akasema anaweza kucheza hata leo.

Aliyelia safari hii ni Nehemia. Alilia kwenye maegesho, ameshika usukani, na alipoweza kusema alisema kwamba tangu alipooa alikuwa anauhesabu umri wa mkewe, na tangu mtoto azaliwe alikuwa anauhesabu na wa mtoto. Hakuwa amelitamka hilo kwa mtu yeyote. Stephania hakujua kwamba mumewe naye aliwahi kuyasikia yale maneno ya Kamachumu. Alikuwa ameambiwa na mjomba fulani wiki ya harusi, kama onyo.

Lakini Rhoda yeye aliambiwa mapema, ile wiki ya pili ya vidonge. Stephania alimpigia Jumapili na kumweleza kila kitu, kuanzia mkoba uliosahaulika hadi robo ya kidonge. Rhoda akamfanya arudie habari ya kidonge mara mbili.

"Basi na mimi leo naacha," Rhoda alisema.

"Dada, usiache. Usiache hata moja. Wewe hujapimwa."

Walibishana nusu saa. Rhoda alisema wamelala tumbo moja, wamenyonya ziwa moja, kipimo cha nini tena? Stephania alimsihi. Akampigia Kendi, Kendi naye akazungumza na Rhoda moja kwa moja, akamwambia kwamba ndugu wawili wanaweza kuwa na magonjwa mawili, na akiacha sindano kwa kubahatisha anaweza kufa ndani ya wiki moja, na hapo utafiti wote utakuwa umewaletea msiba. Rhoda alikubali kwa shingo upande.

Dk. Halloran aliandika barua kwa daktari wa Rhoda, kurasa mbili, akaeleza kipimo gani kifanyike kwanza na kwa nini. Daktari yule, kijana makini, aliisoma, akampa Rhoda rufaa ya kwenda Mwanza. Kule wakakuta kile kipande kwenye damu. Sampuli ya mate ikachukuliwa, vibali vikaombwa, vikachelewa, vikapatikana, na mwezi wa Mei ikasafirishwa hadi maabara ile ile iliyompima Stephania. Majibu yakawa yale yale: herufi moja, mahali palepale.

Rhoda alianza kidonge chini ya uangalizi wa daktari wake, akilala wodini siku tatu za kwanza. Ni kidonge ambacho hata duka dogo la dawa la pale Kamachumu huwa nacho. Figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka kidogo, na hilo daktari alimweleza bila kumficha: kidonge hakirudishi kilichokwisha kuharibika, ila kinaweza kuzuia kisiendelee. Rhoda alisema hilo linamtosha, yeye si mtu wa kudai riba.

Jumapili moja mwezi wa Agosti hakupatikana kwenye simu. Stephania alipiga mara nne, akapatwa na wasiwasi wa zamani. Jumatatu Rhoda ndiye aliyepiga, sauti imekauka kwa kuimba. Alikuwa amekwenda Ngara, kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yake wa shuleni. Miaka yote huko nyuma kila alipoalikwa mbali alituma zawadi na udhuru, kwa sababu huwezi kusafiri na chungu cha maji, wala huwezi kujua kama kwenye nyumba ya watu kuna pa kuweka dawa.

"Nimelala kule siku tatu," alisema. "Nilitaka kuondoka jana, wakanizuia."

Stephania alikuwa jikoni, anamenya viazi, simu imebanwa begani. Alimwuliza dada yake bibi harusi alivaa nini. Rhoda akavuta pumzi, akaanza kusimulia tangu mwanzo, tangu gari lililowachukua stendi, na hakuna aliyekuwa na haraka.